Lenzi za Baba Mdogo na Kijino cha Kamera

Shilingi 23,000 ndizo zilizonitoka kwa kulazimisha lenzi za kizamani za Nikon ziingie kwenye kamera za Nikon. Nimezijumlisha mara mbili nyuma ya daftari la dukani nikiomba niwe nimekosea hesabu. Kutengeneza kamera 7,500, kuituma Nairobi kwa basi na kuirudisha 1,200, fundi wa tupa 500, kurekebisha alichokiacha fundi wa tupa 4,500, roli tatu za filamu kwa 1,900 kila moja, na kusafisha roli hizo kwa 1,200 kila moja ili nikabidhiwe plastiki tupu isiyo na sura ya mtu. Bei ya kamera zenyewe sijaiweka humo. Hizo ningezinunua tu, na mume wangu hasomi mambo haya.

Nauza dawa hapa Kondele, Kisumu. Kupiga picha si kazi yangu, ni ugonjwa nilioambukizwa na baba mdogo, aliyekuwa mpiga picha Nakuru tangu kabla sijazaliwa. Alipiga harusi, alipiga picha za vitambulisho, alipiga ubatizo, na msimu wa wageni alishinda ziwani akiwapiga wazungu waliokuja kuona heroe. Siku hizi ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Jicho moja lilifanyiwa upasuaji, likampa mwanga lakini halikumpa umbo la vitu vidogo.

Agosti mwaka juzi nilimtembelea. Tukiwa tunakunywa chai aliniambia nitoe sanduku la bati chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na kamera yake ya Nikon, Nikkormat FTn, na lenzi tatu zilizofungwa kwa vitambaa vya flaneli: 50mm f/2, 105mm f/2.5 na 28mm f/3.5. Namba ya f ni upana wa tundu la kupitisha mwanga: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Mbele ya kila kioo mmeandikwa Nikkor, jina la lenzi za Nikon, na herufi moja. Ya 50 ilikuwa Nikkor-H, ya 105 Nikkor-P. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba herufi hizo ni hesabu ya vioo vilivyomo ndani, kwa Kigiriki na Kilatini: Q ni vinne, P vitano, H sita, S saba. Akaishika ya 105 mkononi kama mtu anayepima nyanya sokoni, akasema, "Hii imesomesha watoto watatu."

Kamera yenyewe ilikuwa imekufa. Shata, yaani pazia linalofunguka kupitisha mwanga, ilikwama, na hata ingefyatuka, mita yake ya kupima mwanga ilitumia betri ya zebaki ya volti 1.35 ambayo iliondolewa madukani kwa sababu ya sumu. Basi akanipa lenzi.

"Chukua, mama. Wewe tafuta kamera tu. Hizi ni Nikon, na Nikon huingia Nikon."

Hakunidanganya. Kwa miaka yake maneno hayo yalikuwa kweli. Mdomo wa F wa Nikon, yaani ule mzingo wa chuma ambapo lenzi hushikana na kamera, umebaki na umbo lilelile tangu Nikon F ya 1959. Niliporudi Kisumu, lenzi zikiwa mapajani zimeviringishwa kwa leso, matatu ikishuka Kericho kwenye mvua, nilikuwa nimeshaamua kwamba kazi iliyobaki ni ya pesa tu.

Pesa zikapatikana. Kijana mmoja aliyekuwa amerudi kutoka Ujerumani aliniuzia Nikon FM2 kwa 32,000, pamoja na lenzi ndogo ya 50mm f/1.8 ya Series E. Ni kamera nzuri, sitaisema vibaya. Ilitoka 1982, haitegemei betri isipokuwa kwa mita, na shata yake hufika 1/4000 ya sekunde. Nilimuuliza kama lenzi za zamani zitaingia. Akanijibu, "Lenzi yoyote ya Nikon." Watu wawili, maneno mamoja. Ningefanyaje nisiamini?

Usiku ule, mtoto akiwa amelala, nikatoa Series E na kushika 50mm ya baba mdogo. Nikon hufungwa kwa kuzungusha kinyume cha saa, upande uleule unaofungulia chupa ya maji, kwa hiyo mtu aliyezoea kamera nyingine mkono wake huwa na wasiwasi. Nikalinganisha vile vitone viwili, nikaikalisha lenzi, nikazungusha. Ikagoma mapema. Nikaitoa, nikaipuliza, nikarudia. Ikagoma palepale. Nikajiambia ni mafuta yaliyokauka, ni uchafu wa miaka, lenzi haijafungwa kwenye kamera tangu nikiwa shule ya msingi. Nikasukuma. Kukawa na kilio kidogo cha chuma kikisuguana na chuma, kisha lenzi ikaingia na kulia "klik" vizuri kabisa, na mimi nikatabasamu peke yangu mezani kama mjinga.

Nilichokikunja usiku ule ni kijino. Ukitazama FM2 bila lenzi, kuzunguka mdomo wake kuna ringi nyembamba inayoteleza, na kwenye ringi hiyo kuna jino moja dogo linalochomoza mbele. Mwaka 1977 Nikon walileta mfumo waliouita AI (usiniulize akili mnemba, herufi hizi zina umri mkubwa kuliko mimi). Tangu hapo ukingo wa nyuma wa ringi ya tundu, ile unayozungusha kubana au kupanua tundu la lenzi, ulipunguzwa, ukaachiwa ngazi ndogo. Unapozungusha ringi ya tundu, ngazi ile na kijino huenda pamoja, na hivyo kamera inajua umefunga tundu kwa stopu ngapi kutoka lilipo wazi kabisa, kila stopu ikikata mwanga nusu.

Kabla ya 1977 mazungumzo hayo yalifanyika kwa juu. Lenzi ilikuwa na pembe mbili za chuma juu ya ringi, zile zinazoitwa masikio ya sungura, na kamera ilikuwa na kipini kilichoingia katikati ya masikio. Ukingo wa nyuma haukuwa na kazi, kwa hiyo waliuacha mzima, mnene, duara kamili. Ukiifunga lenzi ya namna hiyo kwenye kamera ya kijino, ukingo mzima unaketi mahali ambapo kijino kinaishi. Kimoja lazima kishindwe. Alumini ya lenzi ni nene, na kijino ni chembamba kama ukucha wa mtoto.

Sikujua lolote kati ya haya. Nilipiga roli nzima kwa Series E wiki iliyofuata, pale soko la Kibuye Jumapili, na ni hapo ndipo ningeweza kushtuka, kwa sababu mita ilikuwa ikisema jambo lilelile hata nikizungusha ringi ya tundu kutoka mwanzo hadi mwisho. Taa nyekundu haikujali. Mimi nikafurahi: nikadhani mwanga wa leo umetulia. Negativu zilirudi nyepesi, picha kama zimepigwa kupitia soksi.

Fundi wa Nairobi nilielekezwa na mteja. Nikaweka kamera kwenye boksi la dripu, nikajaza pamba, nikaituma kwa basi la usiku. Siku ya tatu akanipigia.

"Madam, umeilisha nini hii kamera?"

Nikamweleza. Akacheka kwa upole, cheko la mtu aliyeona mengi. Akaniambia kijino kimelala chali na ringi yake imepinda, atanyoosha, lakini nisirudie, kwa sababu chuma kilichokunjwa mara mbili hukatika. Kisha akanipa njia mbili. Ama ukingo wa lenzi ukatwe ufanane na wa AI, kazi ambayo zamani Nikon wenyewe waliifanya kwa kubadilisha ringi nzima, ama nitafute kamera ambayo kijino chake hukunjika. "FM ile ya kwanza," alisema, "sio FM2. Au FE, sio FE2. Au F3." Nikamshukuru, nikakata simu, nikachagua njia ya kwanza kwa kuwa ilionekana rahisi zaidi kwa mfuko.

Hapa ndipo ninapoona haya kuliko mahali pengine pote.

Kuna fundi wa jua kali ambaye hukata funguo na kutengeneza pampu za maji. Mkono wake ni mzuri. Amenikatia funguo za duka mara mbili na hazijawahi kukwama. Nilimpelekea 105mm, nikiwaza kwamba ile ya 50 nitaitumia kila siku kwa hiyo tujaribie hii. Fikiria! Ile 105mm f/2.5 ni katika lenzi za sura za watu zilizoheshimiwa kuliko zote Nikon waliyotengeneza. Mdogo wake wa miaka ya baadaye ndiye Steve McCurry alimtumia 1984, kwenye FM2 vilevile, kumpiga yule msichana Mwafghani mwenye macho ya kijani katika kambi ya wakimbizi Pakistan. Na mimi nimeiweka juu ya jiwe la kunolea, katikati ya vumbi la chuma, kando ya pampu iliyopasuliwa tumbo.

Fundi aliuliza swali la maana: "Hii ringi tunaitoa kwanza?" Akachukua bisibisi. Nikamzuia. Nilihofia screw zile ndogo zitapotea, kioo kitafunguka, kila kitu kitamwagika chini. Nikamwambia akate hivyohivyo, nitaishika mimi. Basi nikaishika, mdomo ukiwa juu, na yeye akaanza kupitisha tupa, hrr, hrr, hrr. Unga wa alumini ukawa unashuka polepole, unang'aa, mzuri kutazama. Nilikuwa nimeweka kitambaa, lakini kitambaa kina ukingo na unga hauna adabu. Alipomaliza nikageuza lenzi kwenye mwanga, na ndani, juu ya mapezi ya tundu, vile vibati vyembamba vinavyolifunga, nikaona nyota.

Zaidi ya hayo, mkato ulianzia pasipofaa. Nilikuwa nimechora alama kwa kalamu nikifuatisha picha ya lenzi nyingine, tena ya f/2.8. Mahali pa ngazi hupimwa kutoka kwenye tundu kubwa la lenzi husika, si la jirani, na ukikosea kwa upana wa nafasi moja ya ringi, mita yako itakosea stopu nzima siku zote. Fundi hakukosea. Alikata nilipochora.

Kwa hiyo kama una lenzi ya kukata, toa ringi kwanza, ikatwe ikiwa peke yake kama bangili, ioshwe kwa sabuni na brashi ya meno, ndipo irudishwe. Na kama hujui kuitoa, lipa anayejua. 4,500 nilizolipa baadaye zilikuwa za kufungua lenzi, kufuta nyota zangu pezi baada ya pezi, na kuifunga tena. Fundi wa Nairobi hakuniuliza tena nimeilisha nini.

FM niliipata kwa mwalimu mstaafu kule Kakamega, 18,000. Ona mambo haya: kamera ya 1977, kongwe zaidi, bei karibu nusu, shata inaishia 1/1000 tu, na ndiyo inayokubali lenzi zote mbili, za kabla na za baada. Kando ya kijino chake kuna kitufe. Ukikibonyeza kwa ncha ya ukucha, kijino kinainuka na kulala nje ya njia. Nilipofunga 50mm ya baba mdogo iliteleza kama kisu kwenye parachichi. Wala haikulia.

Nikadhani nimemaliza masomo.

Asubuhi moja nilidamka, nikaenda Dunga kabla jua halijatoka. Ziwa lilikuwa na ukungu, mashua zinarudi moja moja, wanawake wamekaa bandani na beseni zao wakingoja samaki, na nuru ilikuwa ile ya kijivu laini ambayo mpiga picha huiota. Filamu ilikuwa ya 200, yaani ISO 200, kipimo cha wepesi wake wa kushika mwanga. Nikaweka f/8 ili mashua na watu wote wawe wazi, nikaangalia mita, nikapata 1/500, taa ya katikati, ile ya kusema mwanga uko sawa, ikawaka. Nikapiga. Mama mmoja alinichekea akiwa na sangara mkubwa begani kama mtoto aliyelala. Nilimpiga mara tatu kwa uhakika. Jua lilipotoka, ile taa ya alama ya kuongeza, ya kusema mwanga umezidi, ikawaka na ikakataa kuzima. Nikapandisha hadi 1/1000. Bado. Nikafunga tundu hadi f/16. Bado vilevile. Nikasema mita ya kizee imechoka, nikaendelea.

Wiki mbili baadaye kijana wa maabara alinyoosha negativu zangu mbele ya dirisha na kuniuliza kwa heshima kama nilisahau kuondoa kifuniko. Ya yule mama ilikuwa na kivuli chepesi cha beseni. Samaki hakuonekana.

Kosa lenyewe ni hili. Kijino kikiwa kimekunjwa, hakuna anayeiambia kamera kwamba nimechagua f/8. Lenzi hukaa wazi kabisa wakati unatazama, ili uone vizuri, na hujifunga yenyewe kwa nukta moja tu shata inapofyatuka. Mita yangu ilikuwa ikipima mwanga unaopita f/2, na picha ikapigwa kwa f/8. Kutoka f/2 hadi 2.8, hadi 4, hadi 5.6, hadi 8: stopu nne. Filamu ilipata sehemu moja ya kumi na sita ya mwanga iliyostahili. Asubuhi ile ilihitaji 1/30. Na ndiyo maana kuzungusha ringi hakukuizima ile taa: mita ilikuwa haioni ringi.

Namna inayotakiwa ni hii, na sasa vidole vyangu huifanya bila kuniuliza. Ukiwa umeacha lenzi wazi, fokasi kwanza. Chagua tundu. Kisha tafuta ile leva ndogo kando ya mdomo, upande wa mkono wa kulia, na uivute kuelekea mwilini mwa kamera. Hapo tundu linajifunga kweli na dunia inaingia giza mbele ya jicho lako. Ukiwa f/11 nusu ya kile kiduara cha kufokasia hugeuka nyeusi, ndiyo sababu nikasema fokasi kwanza. Ukiwa bado umeishikilia leva, zungusha kasi mpaka taa ya katikati iwake peke yake. Achia. Piga. Usishikilie leva wakati wa kupiga, haina haja, lenzi itajifunga yenyewe. Kile kidirisha cha juu kinachosoma namba ya tundu hakitakuonyesha kitu cha maana, kwa sababu lenzi hizi hazina ule mstari wa pili wa namba ndogo zinazosomwa na kidirisha. Namba yako soma kwenye ringi.

Ni polepole, ndiyo. Kwa mtoto anayekimbia haifai. Nikiwa barabarani mchana huwa siipimi kabisa: jua la wazi la Kisumu, filamu ya 200, f/16 na 1/250, kivulini f/4, na filamu ya rangi hunisamehe yaliyobaki. Ningekuwa na hesabu hiyo kichwani asubuhi ya Dunga, 1/500 kwa f/8 kwenye ukungu ingenichekesha.

Roli ya tatu niliiharibu kwa njia iliyonyooka zaidi. Mahafali ya chekechea ya mtoto wa dada yangu. Nikajua watoto hawatulii, nikaona nitumie Series E ambayo kijino kinaielewa, nipime upesi. Nikabadilisha lenzi. Kijino nikakiacha kimekunjwa. Lenzi mpya nayo huingia bila kulalamika kijino kikiwa kimelala, na kamera haina taa ya kukuonya. Watoto arobaini wenye kofia za kadibodi, wote gizani. Dada yangu bado hunitajia.

Kumbuka roli ya kwanza pia, ile ya Kibuye, kijino kikiwa kimekunjwa kwa nguvu zangu mwenyewe. Mara tatu, kwa sababu tatu, mita ilikuwa imekaa pale ikiamini tundu liko wazi. Siku hizi kipande cha plasta ya dukani kimebandikwa nyuma ya FM, kimeandikwa kwa kalamu: KIJINO? Kila nikibadilisha filamu nabandika kipya. Na kila nikifunga lenzi yoyote, nazungusha ringi ya tundu huku nikitazama taa. Ikiyumba, wanaongea. Isipoyumba, nashika leva.

Kama unatafuta lenzi hizi au umerithi, tazama masikio kabla ya kitu kingine. Masikio mazima yasiyo na matundu, na mstari mmoja tu wa namba kwenye ringi, ni lenzi ya kabla ya 1977. Masikio yenye matundu na mistari miwili ya namba, hiyo ni AI, au ya zamani iliyobadilishiwa ringi kihalali. Mkato wa tupa bila mstari wa pili, muulize muuzaji aliyekata ni nani. Huenda ni mimi. Halafu mulika tochi nyuma ya kioo. Vumbi kidogo halidhuru. Utando kama wa buibui ni ukungu unaoota, na hapa kando ya ziwa unaota upesi. Lenzi ya 28 ya baba mdogo ulikuwa umeshaila nusu ya kioo cha nyuma, kwa hiyo ile imebaki pambo. Tazama pia mapezi ya tundu: yakiwa na mng'aro wa mafuta, yatajifunga kwa kuchelewa na utalaumu mita bure. Mfuko wa ngozi uweke kando, ngozi hushika unyevu. Mimi hutia lenzi kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko mkali pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya makopo ya vidonge. Dukani tunavitupa kila siku. Mchele usitumie, una vumbi.

Kamera nayo, fungua mgongo wake uguse sponji nyeusi za kuzuia mwanga. Za umri huu nyingi zimegeuka lami. FM hutumia betri mbili ndogo za LR44, zinapatikana kwa wauza saa, na bila betri shata bado hufyatuka. Lenzi za Nikon ziitwazo G, zisizo na ringi ya tundu, usijisumbue nazo hapo. Zitaingia, lakini kila picha itapigwa kwa tundu dogo kabisa.

Wenye Canon na Pentax wana mitihani yao. Pentax waliacha skrubu wakahamia mdomo wa K mwaka 1975, ila kwa adapta lenzi za skrubu huingia na unapima tundu likiwa limefungwa, karibu kama ninavyofanya mimi. Canon walikata kabisa 1987, mdomo wa FD na wa EF hawafahamiani. Nikon ndio waliotuachia mlango uleule na kubadilisha komeo.

Desemba nilirudi Nakuru na FM. Nilimkuta baba mdogo nje, juani, redio pajani. Nikamwekea kamera mkononi na 50mm pembeni. Akapapasa mdomo kwa kidole gumba, polepole, akazunguka, akafika kwenye kijino, akasimama.

"Hiki ni nini?"

Nikamwonyesha kitufe. Akakikunja, akakirudisha, akakikunja tena. Kisha akaweka lenzi kwenye 5.6, akaifunga bila kutafuta vitone, na mara mkono wake ukazungusha ringi hadi mwisho wa huku na hadi mwisho wa kule, krr, krr, haraka. Kwenye Nikkormat ndivyo ulivyolazimika kufanya kila ukibadilisha lenzi, ili kamera ijue tundu kubwa la lenzi ile ni lipi. Kwenye FM haisaidii chochote. Sikumwambia.

"Nani anashika leva?" akauliza baada ya kumweleza.

Nikasema mimi. Basi tukakaa kiti kimoja, yeye akikazia jicho lake zima mwanya wa kutazamia ambao anaona rangi tu, mimi nikiwa nimevuta leva na kuzungusha kasi, kisha namsogeza kidogo, nasoma taa, namrudishia. Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni na sufuria, analalamika kwamba hajabadilisha kitambaa cha kichwa. Mita ilitaka 1/125 kwa f/5.6.

"Imewaka?"

"Imewaka, Baba."

Akaniambia niachie leva, akangoja mpaka mama mdogo akasahau kulalamika, akapiga. Ilikuwa fremu ya ishirini na mbili. Zilizobaki bado zimo kwenye kamera.